Neno la Kumruhusu Mkwe

Kila alfajiri, kabla jogoo wa jirani yake Winfrida hajaanza makelele yake, Bi Sijaona alikuwa akisikia kikohozi. Hakikuwa cha ugonjwa. Kilikuwa kimoja tu, kifupi, cha mtu anayesema nimefika. Kisha alisikia dumu la maji likitua chini, kwenye kisiki cha mkorosho kilichokuwa mpaka baina ya ua wake na ua wa bintiye Shakila. Naye akiwa bado kitandani alikohoa cha kwake, kimoja vilevile, kusema nimesikia, Mungu akubariki. Baiskeli ikasukumwa, hatua zikaenda zao, ndipo alipotoka na kanga yake kichwani kwenda kuchukua maji.

Hivyo ndivyo alivyokuwa akisalimiana na mkwe wake, Safari, tangu kijana huyo alipotoka Masasi kuja Makote kuoa. Na sasa hakuwa kijana tena.

Kwa watu wa ukoo ule, mama mkwe na mkwe hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, mmoja huingia majanini akasubiri mwenzake apite. Hawali chungu kimoja, hawakai mkeka mmoja, na jina la mkwe halitoki kinywani mwa mama mkwe. Bi Sijaona alipokuwa na neno kwa Safari, alimpitishia mjukuu wake. "Naima, mwambie baba yako hilo paa la jikoni linavuja." Na Safari, aliyekuwa amesimama upande wa pili wa ua, angejibu, "Naima, mwambie bibi yako nimesikia, kesho napanda." Naima hata asipokuwepo, akiwa shuleni huko Newala, walimtaja vilevile na maneno yakafika. Winfrida jirani alikuwa akicheka mpaka anashika mbavu. "Nyie watu," alisema, "mnaongea na mtoto ambaye saa hizi yuko darasani anafanya hesabu!"

"Hesabu atafanya, na salamu atafikisha," Bi Sijaona alimjibu.

Kwa hiyo mtu angemuuliza Bi Sijaona uso wa mkwe wake ukoje, asingekuwa na jibu. Alichokijua ni miguu yake, maana macho yake yalikuwa chini siku zote. Aliijua ilipokuwa miguu ya kijana, haina ufa. Alijua kidole gumba cha kushoto kilivyopoteza ukucha mwaka walioukata ule mkorosho wa mpakani. Alijua visigino vilivyoanza kupasuka. Miguu ile ilimlimia, ilimpandia korosho, ilishuka bondeni kumfuatia maji miaka ya shida, na bomba la Newala lilipokauka ilikanyaga baiskeli mpaka huko maji yaliko.

Shakila alifariki mwaka jana, mwanzo wa masika. Aliamka anasema kichwa, mchana akasema giza, na jioni Safari alikuwa amembeba mgongoni kwenda kutafuta gari barabarani. Walirudi naye wiki hiyohiyo ndani ya shuka nyeupe. Bi Sijaona alikuwa amezaa watoto watano na huyo ndiye alikuwa wa mwisho kubaki.

Sasa iko hivi. Mwanamume anapokuja kuoa katika ukoo ule, haji mikono mitupu. Huja na jembe. Hulima nalo shamba la wakwe msimu wa kwanza, kisha mama mkwe hulipokea na kulichomeka juu, chini ya paa la nyumba yake yeye, na huko linakaa. Mke akifariki, mume anakuwa amefungwa na msiba ule. Halali nyumba nyingine. Haingii chumba alimolala mgonjwa, asije akampelekea mauti anayoyabeba. Haoi. Anangoja mpaka siku ambayo mama mkwe atalishusha lile jembe, amkabidhi mbele ya watu, na kumwambia neno. Neno lenyewe si refu. Tumekuruhusu, nenda kwenu. Likishasemwa, mtu yule si mkwe tena, yuko huru kama alivyokuja. Lisiposemwa, hana wa kumfungulia. Na yeye mwenyewe haombi. Mkwe akiomba kuruhusiwa, ni kama anasema amechoka kumlilia mtoto wenu.

Kwa kawaida neno lile husemwa siku ya arobaini. Watu walikuja, wakasoma hitima, wakala wali. Baada ya dua walikaa wakimtazama Bi Sijaona, na wengine walishaanza kutazama juu, kwenye paa. Safari alikuwa amekaa peke yake ng'ambo ya kisiki, kichwa kimeinama. Bi Sijaona alisimama. Alifunga kanga yake vizuri. Akasema, "Tumeshukuru wote mliokuja. Mungu awafikishe salama majumbani kwenu."

Akaingia ndani.

Watu wakatazamana. Mmoja akasema labda mama ana uchungu bado, atasema kesho. Kesho ikaja ikapita.

Aliyemjia juu alikuwa mdogo wake, Nurdin, aliyekaa Mnyambe na aliyekuwa ndiye mjomba wa marehemu. Alikuja msimu wa korosho ulipoanza, akamkuta dada yake anaokota chini ya miti, akainama kumsaidia, na huku anaokota akamwambia, "Dada, unamfunga mtu."

"Nimemfunga kamba wapi? Si yule kule anatembea?"

"Unajua ninachosema. Hata shehe nimemuuliza. Amesema katika dini mwanamume hana eda."

"Shehe ni wa msikitini. Mkwe ni wangu."

"Basi mwambie neno umalize."

"Jembe lenyewe halina mpini, Nurdin. Mchwa wamekula. Nimpe mtu chuma kitupu kama namfukuza?"

"Nitachonga mpini leo hii."

"Leo tunaokota korosho."

Nurdin alinyoosha mgongo, akamtazama dada yake. Alimjua tangu walipokuwa wakigombania ukoko wa ugali. "Kwanza ilikuwa mvua," alisema. "Halafu ikawa mbaazi hazijavunwa. Sasa korosho. Zikiisha korosho utasema nini, Dada? Utasema tungoje kuku aangue?"

"Kuku yuko kwenye mayai, kweli," Bi Sijaona alisema, na Nurdin akacheka asipende, akabeba ndoo yake kwenda mti mwingine.

Lakini usiku ule Bi Sijaona hakulala vizuri. Alijua mwenyewe kwamba mvua haikuwa sababu, wala mbaazi, wala mpini. Kila asubuhi alipochungulia ng'ambo ya kisiki aliona moshi ukitoka kwenye jiko la Shakila. Safari ndiye aliyekuwa akiwasha, anachemsha uji wake, lakini moshi hausemi nani amewasha moto. Ulipanda juu ya paa lilelile kama ulivyopanda siku zote. Kanga za Shakila zilikuwa bado kwenye kamba ndani, Naima alimwambia, baba hakuzitoa. Safari akienda, nyumba ile itafungwa. Mvua mbili tu, mchwa watapanda ukutani. Kulisema neno lile kulikuwa ni kusema kwamba hapa hakuna tena mke wa mtu. Mdomo wake ulikataa. Na kulikuwa na jambo jingine ambalo hakumwambia hata Winfrida. Alimpenda mkwe wake. Watoto wake wote walikuwa udongoni, na kikohozi kile cha alfajiri ndicho kilikuwa kimebaki kinachomwambia kwamba kuna mtu duniani ameamka akamkumbuka.

Naima alikuwa amefika umri wa kuuliza maswali ya kukwama kooni. Siku moja, wakibangua korosho za kula nyumbani, alisema, "Bibi, kwani nenda kwenu si tusi?"

"Nani kakuambia?"

"Wewe. Unakumbuka nilimwambia Abuu nenda kwenu, tulipokuwa tunagombania kamba? Ulinipeleka mpaka kwao, ukanifanya nimshike mkono nimrudishe, tukala sahani moja. Nililia njia nzima."

Bi Sijaona alitabasamu. "Ulikuwa na miaka mitano, na mdomo wa miaka hamsini."

"Sasa mbona baba anatakiwa aambiwe hilohilo? Watu shuleni wananiuliza. Wanasema baba yako bibi yako hamtaki, eti anataka kumfukuza, na wengine wanasema anamng'ang'ania. Mimi sijui niseme lipi."

Bi Sijaona aliacha kubangua. Moshi wa maganda ulimuuma macho, akageuka upande. "Mtoto akimwambia mtoto mwenzake nenda kwenu, anamwambia hapa huna kwenu," alisema polepole. "Mama mkwe akimwambia mkwe, anamwambia unako kwenu, na kule wanakungoja, na sisi hatukudai. Maneno ni hayo. Ila mdomo unaoyasema ndio unaoyapa uzito."

"Basi si zuri?"

"Zuri."

"Mbona husemi?"

Bibi akarudi kwenye korosho zake. Naima alifungua mdomo kama anayetaka kuongeza kitu, halafu akaufunga. Alikuwa na siri ya baba yake, na baba yake alikuwa amemkataza. Bi Sijaona aliona ule mdomo ukifunguka na kufungwa, akadhani ni utoto tu.

Korosho zilipomalizika Safari alianza safari za Masasi. Alileta maji alfajiri, akakohoa, kisha akaenda kukamata gari la kwanza pale Newala. Usiku unapoingia alikuwa amesharudi. Hakulala huko hata mara moja. Mara ya kwanza Bi Sijaona hakujali, mtu ana ndugu zake. Mara ya nne alianza kuhesabu moyoni ingawa hakutaka. Alimwona mwanamke. Hakumwona kwa macho, alimwona kwa mawazo, kijana, anacheka, anampikia Safari chai. Ulimuuma wivu kwa niaba ya Shakila. Alfajiri moja kikohozi kilipokuja, hakujibu. Alilala kimya akisikiliza. Safari alisubiri. Akakohoa tena, taratibu, kama anayeuliza. Bi Sijaona aliziba mdomo kwa kanga. Baiskeli ilikaa muda mrefu kabla haijasukumwa.

Wiki hiyo Winfrida alikwenda Masasi kwenye kipaimara cha mtoto wa ndugu yake. Aliporudi hakupita hata kwake kuweka mzigo. Alikuja moja kwa moja, akakaa kwenye kinu kilicholala, akavua viatu.

"Mama Shakila, shikamoo."

"Marahaba. Mbona unahema? Kipaimara kimekwendaje?"

"Kipaimara kizuri, askofu alichelewa, watoto wakasinzia. Sikiliza. Nimemwona Baba Naima."

Bi Sijaona alivuta ungo karibu, akaanza kupepeta mchele ambao ulikuwa umeshapepetwa. "Kwa mwanamke wake?"

"Mwanamke wake nani? Kwa mama yake!" Winfrida alisema. "Kumbe hujui? Mama yake anaumwa. Amelala miezi sasa, upande mmoja haufanyi kazi. Nilikuwa napita tu, naona mtu amekaa chini upenuni, nje, kwenye jua, mgongo ameuegemeza ukutani. Nikasema yule si Baba Naima? Nikasogea. Mama Shakila, mtu yule ameingiza mkono dirishani, katikati ya nondo. Ndani mama yake ameushika. Hivi." Winfrida alinyanyua mkono wake juu ya bega, kiganja kikatazama nyuma. "Amekaa hivyo tangu asubuhi. Dada yake akamletea chakula huko nje kama mbwa, akala kwa mkono mmoja."

Ungo ulikuwa umetulia.

"Nikamuuliza dada yake, kwani kuna nini, wamegombana? Akasema hapana. Akasema tumembembeleza aingie, hataki. Anasema bado hajaruhusiwa. Anasema nikiingia na msiba wa mke wangu kwa mama mgonjwa, akifa, nitamwambia nani kwamba si mimi niliyemuua? Na mama mwenyewe anamuuliza kila mara, mwanangu mbona huingii? Unajua anamjibu nini?" Winfrida alitaka kucheka, kicheko hakikuja. "Anamwambia, mama, nina matope miguuni. Kiangazi hiki! Vumbi mpaka magotini, anamwambia mama yake ana matope."

Bi Sijaona aliweka ungo chini. Alimjua yule mama. Walipika pamoja siku ya harusi, mgeni yule kutoka Masasi akakataa kukaa kwenye kiti, akachukua kisu akakata vitunguu mpaka kope zikavimba, akamwambia, "Mwenzangu, nimekuletea mtoto wangu wa pekee wa kiume. Akikukosea nitumie habari, usimwache tu." Habari hiyo haikuwahi kutumwa, maana Safari hakukosa.

"Naima!" aliita. Naima alitoka jikoni. "Ulikuwa unajua bibi yako wa Masasi anaumwa?"

Naima alitazama chini. "Baba alinikataza. Alisema nikikuambia utaona anaomba ruhusa."

Kuku walikuwa wakidonoa mchele uliomwagika, na hakuna aliyewafukuza.

"Nenda Mnyambe," Bi Sijaona alisema hatimaye. "Mwambie babu yako Nurdin achonge mpini."

Nurdin alikuja kesho yake na mpini wa mti mgumu, umelainishwa vizuri, na hakufanya utani wowote. Alipanda kwenye kigoda akalishusha jembe. Lilikuwa limepungua, kutu imekula kingo, na mahali liliposhikwa na moshi wa jikoni lilikuwa jeusi kama sufuria. Bi Sijaona alilifuta kwa kipande cha kanga kuukuu. Ilikuwa kanga ya Shakila. Kisha akaliosha kwa maji ya lile dumu.

Alasiri wakasimama mbele ya mlango wa nyumba ya Shakila: Nurdin, Winfrida, Naima, na wazee wawili wa jirani. Safari aliitwa. Alipoona jembe mikononi mwa mama mkwe alisimama ghafla, na ile miguu ambayo Bi Sijaona aliijua ikachimba vidole vumbini. Alipiga magoti, kama inavyotakiwa.

Bi Sijaona alitazama mlango ule. Kwenye fremu kulikuwa na alama za mkaa ambazo Shakila alikuwa akichora kupima urefu wa Naima. Aliona kwamba akingoja mpaka moyo ukubali, moyo hautakubali, na kule Masasi kuna mama mwingine ameshika mkono dirishani.

"Safari," alisema.

Watu walisikia lile jina na wazee wakainua vichwa. Alikuwa hajawahi kulitamka.

"Safari, ulikuja na jembe, ukalima, tukala. Ulimwoa Shakila, ukamtunza. Alipougua ulimbeba. Alipokufa ulimzika. Hatukudai kitu. Hatukulaumu kitu. Jembe lako hili." Alilisogeza mbele. "Tumekuruhusu. Nenda kwenu."

Safari alilipokea kwa mikono miwili. Kisha aliinama mpaka paji la uso likagusa mpini, na mabega yakaanza kwenda juu na chini. Alilia kwa sauti, mtu mzima, mbele za watu, kilio ambacho hakukilia hata siku ya maziko. Winfrida naye akaanza. Nurdin alikuwa anatazama miti.

Bi Sijaona alingoja mpaka kikapungua. Halafu akasema, "Sasa inuka. Wewe si mkwe tena. Njoo ule."

Alikuwa amepika ming'oko, vile viazi vya kuchimbwa porini, na ugali wa muhogo, na kisamvu cha nazi. Aliutandika mkeka katika ua wake mwenyewe, upande wake wa kisiki, mahali ambapo Safari alikuwa hajawahi kukanyaga yeye akiwapo, tangu aje Makote. Alisita pale kwenye mpaka, mguu mmoja hewani. Bi Sijaona akamwambia, "Pita, hapana mkwe hapa," na akapita. Wale wengine walijua pa kwenda. Walibaki wawili, na Naima anayewanawisha mikono.

Hapo ndipo Bi Sijaona alipoinua macho, akamtazama usoni.

Alikuwa na mvi. Ndevu zote mvi, na makunyanzi mawili marefu kutoka puani mpaka mdomoni, na macho madogo ya upole, yamevimba. Alikuwa mzee. Miaka yote Bi Sijaona alikuwa akimfikiria yule kijana wa jembe, kumbe mtu amezeekea kwenye ua wake na yeye hakuona.

"Una uso wa mama yako," alisema.

"Ndivyo wanavyosema, Mama."

Walikula bila haraka. Ming'oko ilikuwa ya moto, wakapuliza vidole. Baadaye Safari alisema, akitazama bakuli, maana mazoea hayaishi mchana mmoja, "Mama, naweza kukuuliza?"

"Uliza."

"Nilidhani unanihesabia kifo cha Shakila. Kwamba nilichelewa kupata gari. Siku ya arobaini uliposimama ukaingia ndani, nikasema, basi, mama ameniona mimi ndiye. Na juzi hukujibu kikohozi."

Bi Sijaona alishika tonge mkononi, halikwenda mdomoni. "Hukuchelewa," alisema. "Ulimbeba mgongoni. Nani angemfikisha haraka kuliko wewe?" Akalirudisha tonge sahanini. "Nilikuwa sitaki uende. Hiyo tu. Nikadhani nikinyamaza, utabaki. Sikufikiri unabaki vipi."

"Ungeniambia baki, Mama, ningebaki."

"Mama mkwe anamwambiaje mkwe baki? La kukuruhusu nilifundishwa na mama yangu, naye alifundishwa na mama yake. La kukuzuia hakuna aliyenifundisha."

Safari alimega ugali, akachovya kisamvu, na badala ya kula akamwekea kwenye sahani upande wake, kama mtoto anavyomfanyia mama yake. Bi Sijaona akala tonge lile.

"Naima?" Safari aliuliza.

"Naima ni wa hapa, kwa mama yake, unajua. Na ni wako. Likizo atakuja Masasi, shule zikifunguliwa anarudi. Na nyumba tutaifagia."

Safari hakusubiri asubuhi. Nurdin alimsindikiza mpaka barabarani na jembe limefungwa kwenye baiskeli. Bi Sijaona alisimama kwenye kisiki. Hakupunga mkono. Alitazama miguu ikienda, halafu, kwa kuwa sasa ilikuwa halali, akainua macho akatazama na mgongo na kichwa, mpaka mikorosho ikamficha.

Simu ililia kesho yake jioni, ile ya batani ya Naima. Naima alisikiliza, kisha akampa bibi. "Anakutaka wewe. Anasema si kupitia kwangu."

Bi Sijaona aliibana simu sikioni kwa mikono miwili. Kwanza alisikia kikohozi, kimoja, kifupi. Akakohoa.

"Mama, nimeingia," Safari alisema. "Nimekaa kitandani kwake. Nimelala hapahapa chini usiku."

"Amekujua?"

"Amenijua. Ameniangalia miguu, akaniuliza, matope yamekauka?"

Bi Sijaona alitaka kujibu, lakini alirudisha simu kwa Naima na kwenda kukaa jikoni mahali penye moshi, ambapo mtu akitokwa na machozi haulizwi.

Mama yule wa Masasi hakufikisha mwezi. Alifia ndani, mwanawe pembeni, na Bi Sijaona alikwenda kwenye msiba na kukata vitunguu.

Aliporudi Makote, alfajiri ya kwanza, aliamka kabla ya jogoo wa Winfrida kama kawaida. Ng'ambo ya kisiki hapakuwa na moshi. Alilala akisikiliza, akajikuta amekohoa. Akangoja kidogo. Kisha aliinuka, akajifunga kanga, akachukua dumu tupu kutoka mlangoni, na kumwamsha Naima wakafuate maji kabla foleni haijawa ndefu.